Kiingereza cha usaili: majibu ya wiki hii

Nikifungua ujumbe wa wasomaji nikakuta nusu nzima unauliza Kiingereza, huwa najua kwamba matangazo ya kazi yametoka. Watu wameshatuma maombi kwenye Ajira Portal, ile tovuti ya serikali ya kuombea kazi, sasa wanasubiri majina ya kuitwa kwenye usaili wa mchujo, na presha imepanda. Nimechagua maswali saba. Yaliyofanana nimeyaunganisha.

Mwalimu, shikamoo. Nimeitwa kwenye mchujo mara tatu na zote nimekwama, na naamini kinachoniangusha ni Kiingereza. Nimeanza kukariri kamusi, sasa niko herufi D. Niendelee? – Mhitimu, Mbagala Rangi Tatu

Marahaba. Ifunge hiyo kamusi. Ukifika Z, wenzako watakuwa wameshalipwa mshahara wa pili. Kamusi ni ya kuuliza ukikwama, si ya kumeza.

Maswali ya sarufi hayatuangushi ovyo ovyo. Mitego mingi inayotunasa sisi iko pale Kiingereza na Kiswahili vinapoachana njia. Baadhi unaijua: sisi hatuna "a" wala "the", kwa hiyo tunazisahau, "yeye" wetu ni wa mwanamume na mwanamke, kwa hiyo dada wa watu tunamwita "he". Mtego usiosemwa sana ni ile "-me-" yetu. Ukisema "amelala", mtu bado yuko usingizini. Ukiihamisha kama ilivyo unapata "He has slept", ambayo kwa Mwingereza maana yake usingizi umekwisha. Yeye hapo angesema "He is asleep". "Amevaa shati jeupe" ni "He is wearing a white shirt", na "amesimama mlangoni" ni "He is standing at the door". Halafu kuna "nimefika jana". Kwetu hakuna anayeshtuka, lakini "I have arrived yesterday" ni kosa. Ukishataja jana, juzi au mwaka 2019, Kiingereza kinataka "I arrived" na si vinginevyo.

Sasa geuza upande wa pili, maana Kiswahili hicho hicho kinaweza kukubeba. Chukua swali la namna hii: "The list of names ___ been posted", uchague "has" au "have". Wengi wanachagua "have" kwa sababu jicho limeishia kwenye "names". Isome kwa Kiswahili: orodha ya majina imebandikwa. Ukisema "yamebandikwa" sikio lako lenyewe linagoma, kwa sababu kilichobandikwa ni orodha. Basi jibu ni "has". Ndivyo ilivyo kwa "One of my friends works in Dodoma": mmoja wa rafiki zangu anafanya kazi Dodoma. Mmoja, anafanya. Mtu aliyekua akitofautisha ki- na vi-, u- na ya-, bila kufundishwa na mtu, anaogopeshwaje na "s" moja mwishoni mwa kitenzi?

Mahali pengine Kiswahili kitakudanganya, uwe macho. Sisi tunasema vifaa, samani, taarifa, ushauri mwingi. Wao wanasema "equipment", "furniture", "information", "advice", na hakuna hata moja kati ya hayo linalopokea "s" ya wingi. Sisi tunajadili kuhusu jambo. Wao "discuss" yao haitaki "about". "We discussed the budget", basi.

Fanya hivi. Nunua kaunta buku moja. Kila swali utakalokosa kwenye mazoezi, andika sentensi nzima ikiwa sahihi, chini yake iandike kwa Kiswahili unavyoisema nyumbani, kisha andika kwa maneno yako zimeachana wapi. Usiandike "nimekosa tense". Andika "nilifuata nimefika jana". Ukijaza kurasa kumi utashangaa makosa yako ni machache, ila yanajirudia kama wimbo wa matangazo.

Borrow na lend, rise na raise, lie na lay. Nazichanganya hadi aibu. – Gongo la Mboto

Umechagua mahali ambapo Kiswahili ni kitamu kuliko Kiingereza. Wao wana maneno mawili tofauti, sisi tunaongeza kiambishi tu. Kopa ni "borrow", kopesha ni "lend". Bei imepanda, "the price rose". Mwenye nyumba amepandisha kodi, "the landlord raised the rent". Mtoto amelala kitandani, hiyo ni "lie". Mama amemlaza, hiyo ni "lay". Ukiona nafasi inataka neno lenye -sha au -za, chagua lile la kumfanyia mwingine.

Tatizo la "borrow" nadhani linatoka kwenye "azima". Mtaani tunasema "niazime kalamu" tukimaanisha nipe mimi, na pia "nimeazima kalamu kwa jirani". Neno moja, pande mbili. Ndipo inapozaliwa ile "borrow me your pen" inayosikika kila chumba cha mtihani. Ukipata wasiwasi, achana na azima, tumia kopa na kopesha.

Angalia tu hapo kwenye "lie": jana yake inaitwa "lay". "Yesterday he lay on the sofa." Na jana ya "lay" ni "laid". Kwa hili sina utetezi wowote wa Waingereza.

Na kwa kuwa uko kwenye usaili, ongeza na haya: "employer" ni mwajiri, "employee" ni mwajiriwa, "interviewer" ni msaili, "interviewee" ni msailiwa. Ile -ee mara nyingi inafanya kazi ya -wa yetu. Si mara zote, "attendee" ni mtu anayehudhuria mwenyewe kwa miguu yake.

Nakariri maneno ishirini kila asubuhi kwenye mwendokasi. Ikifika Jumamosi sikumbuki hata matano. – Kimara

Kwanza hongera kwa kupata nafasi ya kufungua daftari kwenye mwendokasi ya asubuhi.

Unakosea kwa kuyasoma yote sawasawa, hata yale unayoyajua. Mjerumani mmoja, Sebastian Leitner, alieleza mwaka 1972 njia ya vikadi na visanduku ambayo mpaka leo programu nyingi za simu zinaifuata. Neno upande mmoja, maana na sentensi upande wa pili. Kadi mpya zinakaa kisanduku cha kwanza, unazipitia kila siku. Ukiipata, inahamia cha pili, unaiona baada ya siku kadhaa. Ukiipata tena, cha tatu, mara moja kwa wiki. Ukiikosa popote pale, inarudi cha kwanza bila huruma. Unalolijua halikuchoshi tena, na usilolijua halipati pa kujificha.

Kadi usinunue. Mwanafunzi wangu mmoja alizipata kabatini kwa mama yake: kadi za michango ya harusi na sendoff, za miaka na miaka, karatasi ngumu ya maana kabisa. Alikata kila moja vipande vinne. Mbele "reluctant", nyuma "anayesitasita, She was reluctant to sign", na pembeni kipande cha ua la dhahabu na "Tunaomba mchango wako kabla ya tarehe". Visanduku vyake vilikuwa makopo matatu ya maziwa ya unga.

Punguza pia ile ishirini. Maneno manane yenye sentensi zake yanatosha, na sentensi utunge wewe, imhusu mtu unayemjua. "My uncle is reluctant to pay" hutaisahau.

Sina hela ya kozi. Nisome nini? – Tabata

Magazeti mawili tu. HabariLeo na Daily News yanatoka kampuni moja, na mara nyingi habari moja inaandikwa kwenye yote mawili. Isome kwanza kwa Kiswahili mpaka uielewe, halafu ndiyo ushike ya Kiingereza. Hutahangaika na habari inasema nini, akili yote itabaki kwenye inavyosemwa. Piga mstari chini ya kila "in", "on", "at" na "by", maana hivyo vidudu huwezi kuvielewa kwa kanuni, vinazoeleka kwa macho. Ukitaka utulivu, nenda Maktaba Kuu pale barabara ya Bibi Titi Mohamed. Na ukipata bando, BBC Learning English wana masomo ya bure.

Kuna kundi la WhatsApp linauza pepa ya usaili kwa elfu ishirini. Mwalimu unasemaje? – Sinza

Nasema huyo tayari ana kazi, na mwajiri wake ni wewe. Usitume.

Mchujo nimepita, sasa naitwa mahojiano. Niwe makini na nini kwenye kuongea? – Kigamboni

Hongera sana dada. Nitakuambia jambo moja, kwa sababu liliniumbua mwenyewe.

Miaka mingi iliyopita nilikaa mbele ya jopo la ofisi moja hapa mjini, jina lake libaki huko. Mama aliyekaa katikati akavua miwani akaniuliza: "So you have never worked with accounts before?" Nikajibu kwa kujiamini: "Yes, madam." Kichwani mwangu nilikuwa namkubalia: ndiyo, sijawahi. Yeye akasikia nimewahi. Akatabasamu, akaandika kitu, akauliza: wapi, na kwa muda gani? Nilivyozidi kujieleza ndivyo nilivyozidi kuonekana mwongo. Jasho la shati lile nalikumbuka mpaka leo, na feni ilikuwa inazunguka.

Sisi "ndiyo" yetu inamjibu mtu: ulivyosema ni kweli. "Yes" na "no" za Kiingereza zinafuata kitenzi chako mwenyewe. Kama sentensi yako ina "not" au "never" ndani yake, inaanza na "No", hata kama unakubaliana na aliyeuliza. "No, I haven't." Kama umewahi, "Yes, I have", hata kama unampinga. Na usiishie kwenye neno moja. Ukiongeza "I haven't" au "I have", hata ulimi ukiteleza mwanzoni watakuelewa.

Jizoeze na mtu. Ukiwa kwenye foleni ya pantoni mwambie rafiki akuulize vya kukanusha tu: "Haven't you eaten? Don't you live in Kigamboni?" Abiria watawaangalia. Waache waangalie.

Stationary au stationery? – mwenye haraka, Ubungo

Yenye "e" ni karatasi na kalamu, ikumbuke kwa "e" ya "envelope". Yenye "a" ni kitu kilichosimama pasipo kusogea, kama daladala pale Ubungo saa kumi na moja jioni. Usiulize mabango ya maduka ya steshenari. Lililo jirani yangu limeandikwa kwa "a" mlangoni na kwa "e" dirishani, na mwenyewe anasema mteja achague.