Mikono Imetulia, Moyo Umepoa: Kwa Familia Zilizotoka Kuweka Mashine ya Ubongo

Dada mmoja wa Kizota, Dodoma, ametuandikia kuhusu baba yake, mstaafu mwenye ugonjwa wa Parkinson aliyefanyiwa upasuaji wa kuwekewa mashine ya ubongo India. Mikono haitetemeki tena na vifungo vya shati anafunga mwenyewe. Ila mzee amenyamaza. Kwaya ameiacha, shamba la zabibu kule Hombolo haliulizii, na akiambiwa kuna nini anajibu, "Hamna kitu." Ndugu wameanza kunong'ona kwamba hana shukrani, kwamba ng'ombe wameuzwa bure.

Mdogo wetu, shukrani haihusiki hapa. Swali letu la kwanza kwako ni hili: baada ya upasuaji dawa zake zilipunguzwa kiasi gani, na kwa haraka gani?

Mashine yenyewe ni nyaya nyembamba, kwa kawaida mbili, zinazopita kwenye fuvu hadi ndani kabisa ya ubongo, zikiunganishwa na betri iliyozikwa chini ya ngozi ya kifua. Hutuma mapigo ya umeme, mara nyingi yapata 130 kwa sekunde, kila pigo likidumu maikrosekunde 60 hivi. Alim-Louis Benabid na wenzake walianza kuitumia Grenoble, Ufaransa, mwaka 1987, na Marekani ikaiidhinisha kwa Parkinson mwaka 2002. Inatuliza mtetemeko, ukakamavu na ile miondoko ya mwili isiyo ya hiari inayoletwa na levodopa, dawa kuu ya ugonjwa huu. Dopamini, kemikali ya ubongo inayopungua kwa ugonjwa huu, mashine haitengenezi, na ugonjwa hausimami.

Sasa basi. Waya ukiwekwa kwenye kiini cha chini ya thalamasi, sehemu ndogo ndani ya ubongo ambako huwekwa mara nyingi, madaktari hupunguza dawa kwa theluthi, nusu, au hata zaidi, kwa sababu mwili hauzihitaji kama zamani. Lakini dawa zile hazikuwa zinatembeza miguu tu. Ndizo zilizokuwa zikimpa mtu hamu ya kuamka, kupiga soga, kufuatilia shamba. Miguu imepata umeme, hamu haikupata kitu. Ndiyo maana kupoa huku hujitokeza zaidi katika miezi ya kwanza baada ya upasuaji, wakati familia inasherehekea. Aliyekuwa akitumia pramipeksoli au ropiniroli, dawa zinazoiga dopamini, kisha akaachishwa ghafla huumia zaidi: wasiwasi, jasho, huzuni, maumivu yasiyoeleweka. Dawa ya hali hiyo, mara nyingi, ni daktari kurudisha sehemu ya kile alichopunguza, taratibu. Msirudishe wenyewe nyumbani, na levodopa msiikatishe ghafla kwa sababu yoyote ile. Kufanya hivyo kunaweza kuleta homa kali na mwili kukakamaa kiasi cha kuhatarisha maisha.

Kupoa si sonona, ingawa kwa mbali vinafanana. Aliyepoa halalamiki: ukimwekea ugali na mlenda anakula, ukimwacha anakaa. Mwenye sonona analia au anajilaumu, usingizi unamkimbia, anasema yeye ni mzigo. Huyu aulizwe waziwazi kama anatamani kufa. Kuuliza hakumpandikizii wazo. Kama wewe binti unaona haya kumuuliza baba, mtume baba mdogo, mchungaji au shekhe anayemwamini, lakini aulizwe. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008, uliojumlisha wagonjwa zaidi ya 5,000 wa upasuaji huu, ulikuta karibu 0.45% walijiua na 0.9% walijaribu, na mwaka wa kwanza ndio wenye hatari kubwa. Ni wachache, lakini wapo. Akijibu ndiyo, ondoeni sumu za shambani na dawa za ziada, asiachwe peke yake, na apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Kuna na upande wa pili ambao familia huufurahia mwanzoni. Mzee anarudi kutoka kurekebishiwa mashine akiwa mchangamfu ajabu, anaongea bila kituo, analala kwa saa tatu tu, anaagiza mabati ya nyumba ambayo haijafika hata kwenye lenta. Ncha ya waya ina vituo vya umeme, kwa nyaya za kawaida vinne, kila kimoja urefu wa milimita 1.5. Kiini kinacholengwa ni kidogo sana, na kila sehemu yake ina kazi: sehemu ya mwendo iko juu na pembeni, ya hisia iko chini na kwa ndani. Umeme ukimwagikia chini, mtu huchangamka kupita kiasi, hucheka ovyo au hufanya mambo bila kuyapima. Dalili hizi zinaweza kuanza ndani ya dakika chache au siku chache tangu mpangilio ubadilishwe, na kwa kawaida hutulia daktari akihamia kituo cha juu au akipunguza nguvu. Kwa hiyo andikeni tarehe na saa ya kila badiliko. Kubeti, kununua ovyo na tamaa ya ngono iliyozidi kunaweza pia kuletwa na pramipeksoli na jamii yake. Kama vilikuwepo kabla ya upasuaji, daktari alipaswa kuambiwa. Tunajua mnaona aibu. Semeni hivyohivyo.

Kuhusu kufikiri, badiliko linaloonekana mara nyingi kuliko yote ni kasi ya kuokota maneno. Mwambie ataje wanyama kwa dakika moja, utaona orodha imepungua kuliko zamani. Kumbukumbu na busara zinaweza kuwa palepale. Hapa kosa ni la wasikilizaji: mzee anatafuta neno, mjukuu anamalizia sentensi, na kesho yake mzee hajisumbui kusema. Hesabu kumi kimoyomoyo kabla ya kumsaidia. Ila mashine haitibu ugonjwa wa kusahau, na aliyekwisha kuupata hapaswi kuwekewa, maana anaweza kuharibikiwa zaidi. Hicho ndicho kinachotafutwa na kipimo cha akili kabla ya upasuaji, na kipimo hicho kifanywe kwa lugha anayoiwazia mgonjwa. Mzee wa Bahi aliyekua akisema Kigogo akipimwa kwa Kiingereza atafeli kabla hajaanza, na matokeo yake hayatafaa kulinganishia baadaye.

Akichanganyikiwa ghafla, ndani ya siku moja au mbili, msiikimbilie mashine. Anzeni na mkojo, malaria, kufunga choo, upungufu wa maji kwenye jua letu hili, na kama alianguka akagonga kichwa. Kisha mwageni mfuko wa dawa mezani. Benzheksoli na amitriptilini huvuruga akili za wazee. Metoklopramidi ya kuzuia kutapika, pamoja na haloperidoli na kloropromazini za magonjwa ya akili, hushindana na dopamini na kumrudisha kwenye ukakamavu. Hata sinarizini ya kizunguzungu haimfai. Mkipelekwa Mirembe, nendeni bila kuona haya, hiyo ni hospitali ya magonjwa ya akili; wasiwasi na sonona ni kazi yao. Ila semeni mapema kwamba ni mgonjwa wa Parkinson mwenye mashine. Kwa anayeona maruweruwe zipo dawa salama zaidi, kama kwetiapini kwa dozi ndogo. Na kwenye mazoezi ya viungo, mashine ya kuchoma misuli kwa mawimbi ya umeme ni marufuku kabisa kwake: nishati yake husafiri kwenye waya na kuleta joto linaloweza kuua ubongo.

Wekeni daftari la kila siku. Kurasa mbili kwa siku zinatosha: saa ya kila kidonge, saa alizolala, saa alizokuwa mchangamfu na alizokuwa mzito. Moyo ukishuka kila mara nusu saa kabla ya kidonge, tatizo ni nafasi kati ya dozi. Ukishuka kutwa nzima, angalia kiasi cha dawa au mpangilio wa mashine. Ukishuka ghafla pamoja na mtetemeko kurudi, kagua betri kwa rimoti leo hii. Betri zisizochajiwa hudumu kwa kawaida miaka 3 hadi 5, na kuisha kwake ni dharura. Wenye betri ya kuchaji wasingoje ifike chini, umeme ukikatika siku nzima watajuta.

Kwa mnaojiandaa kusafiri: msiondoke hospitalini bila karatasi inayoonyesha, kwa kila upande, kituo kinachotumika, nguvu, urefu wa pigo na idadi ya mapigo kwa sekunde, pamoja na dozi za dawa za kabla na baada. Bila karatasi hiyo daktari wa hapa anabahatisha. Na kabla ya kulipa, ulizeni nani Tanzania ana kifaa cha kurekebishia aina hiyo ya mashine, au kama inaweza kurekebishwa kwa mbali kupitia intaneti, kwa sababu kifaa cha kampuni moja hakifungui mashine ya kampuni nyingine.