Dogo usiseme uwanja umefurika kama watu unawahesabu kwa vidole

Dogo umeuliza mambo matatu: maiki ya kununua, namna ya kutunza sauti, na kama kuna ubaya ukimsikiliza meneja wako anayetaka Jumamosi kwenye mkutano wa injili useme "maelfu wamefurika" hata wakija wachache. Hilo la tatu limenichoma. USISEME. Unasema redio ni ya kanisa, basi ndo kabisaa usiseme.

Mimi nilisema. Mechi ya ligi ya mkoa, mvua tangu asubuhi, jukwaani wapo viongozi wa timu na watoto walioruka ukuta, basi. Bosi akanipigia kabla sijaingia hewani, changamsha bwana, msikilizaji haoni, mdhamini anasikiliza. Nikawasha moto, uwanja umetapika ndugu msikilizaji, hapa hata pa kutema mate hakuna. Sasa kule stendi kuna mama lishe alikuwa anasikiliza redio yetu kutwa, kusikia vile akaongeza mchele, akabandika maharage ya kulisha harusi, akakodi bajaji na masufuria yake mpaka getini, mapumziko yanakaribia. Nilimwona kutoka kule juu. Akafunua sufuria moja, mvuke ukatoka, akaangalia jukwaa, akafunika, na mimi bado naimba umati umati. Ile hela kumbe alikopa kwenye kikoba. Alikuja redioni kesho yake, hakutukana, aliniuliza tu, "Mwanangu, wale watu uliwaona wapi?" Sikuwa na jibu. Hela nilimrudishia kidogo kidogo lakini redio yetu hakuifungua tena, na stendi nzima ikajua, ikawa hata nikitoa matokeo ya kweli wanapiga simu kwingine kuhakikisha. Jina langu liliharibika kwa sentensi moja.

Na yule bosi, Mungu anisamehe, nikimkumbuka bado damu inachemka. Mzee wa kanisa, Jumapili anasoma neno mbele ya watu, Jumatatu anamfundisha kijana uongo anauita taaluma, halafu siku mama wa watu amekuja na machozi yeye anatokea mlango wa nyuma! Meneja wako anakwambia ni kwa ajili ya kazi ya Mungu. Mungu gani huyo anahitaji uongo wa redioni? Mathayo 5:37 imeandikwa "Bali maneno yenu yawe Ndiyo, ndiyo; Siyo, siyo", haikuandikwa isipokuwa watangazaji.

Aliyeninyoosha mimi ni habari za Red Barber, mtangazaji wa besiboli Marekani, mtu wa kusini kule Mississippi, mkristo aliyekuwa na kibali cha kusoma masomo ibadani katika kanisa la Episkopali. Huyu mzee mezani alikuwa na ile saa ya mchanga ya kuchemshia mayai, ya dakika tatu, mchanga ukiisha anaigeuza na kutaja matokeo, maana kuna mtu kafungua redio sasa hivi hajui kinachoendelea. Anamfikiria mtu asiyemwona, unaelewa?

Mwaka 1945 bosi wa Brooklyn Dodgers, timu aliyokuwa anaitangaza, akamdokeza kwamba ataleta mchezaji mweusi. Barber kalelewa kwenye ubaguzi, akarudi nyumbani akamwambia mkewe naacha kazi. Mkewe akamwambia si lazima uache usiku huu. Akatulia, akajiuliza kazi yake ni nini hasa, akaona ni kusema kinachotokea uwanjani. 1947 mchezaji mwenyewe, Jackie Robinson, akaingia na Barber akamtangaza kama anavyowatangaza wengine, akipiga kapiga, akikosa kakosa. Hapo ukweli ulimgharimu moyo wake mwenyewe, na kwangu hiyo ni imani kuliko mahubiri mengi niliyosikia.

Halafu 22 Septemba 1966, yuko na timu nyingine ya besiboli, Yankees ya New York, timu iko mkiani, uwanja wa watu zaidi ya elfu sitini umeingiza watu 413. Akaomba kamera ionyeshe viti vitupu, wakamkatalia. Akasema hewani kwamba huo ndio umati mdogo kuliko wote katika historia ya uwanja ule, na kwamba habari ya siku ni hiyo, siyo mechi. Siku chache baadaye akaambiwa mkataba hauongezwi. Miaka 33 ya kutangaza, kwishaa. Lakini 1978 alikuwa kati ya wawili wa kwanza kupewa tuzo ya watangazaji ya Ford Frick, na kuanzia 1981 redio ya umma ya Marekani, NPR, ikamweka hewani kila Ijumaa mpaka mwaka aliofariki, 1992. Watu walikuwa bado wanataka kumsikia. Sikuahidi na wewe itakuwa hivyo, unaweza kufukuzwa na ikaishia hapo, nakwambia kabisa.

Ongea na meneja leo, usingoje Jumamosi asubuhi maana akikubana dakika za mwisho utalegea kama nilivyolegea mimi. Mwambie utataja kwaya, mahubiri, hali ya hewa, na watu utawasema ulivyowaona, wakiwa mia unasema mia. Akikataa ashike maiki mwenyewe. Na akikutishia kibarua njoo PM, kuna redio mbili tatu nafahamiana nao.