Kabla hujashika maiki ya kipindi cha michezo

Nilipoingia redioni hapa Dar es Salaam sikupewa maiki. Nilipewa simu mbili na daftari. Kazi yangu ilikuwa kupokea wanaopiga, kuuliza jina na mahali walipo, kusikiliza kwa sekunde ishirini mtu anataka kusema nini, kisha kuamua nani aende hewani na nani asubiri. Niliona nimeonewa. Wenzangu niliotoka nao chuo walikuwa wanasoma habari, mimi naitwa "mtu wa simu". Leo kila kijana anayeletwa kwenye kipindi chetu namkalisha palepale kwanza, miezi mitatu, anune asinune.

Wadogo zangu wengi mnakuja mkidhani kipindi cha michezo ni wachambuzi watatu na sauti nzito. Sivyo. Nguvu yake kubwa ni yule anayepiga simu. Saa nne asubuhi anayepiga ni dereva wa daladala aliyenasa kwenye foleni ya Ubungo, fundi cherehani, mlinzi aliyetoka zamu ya usiku na hajalala bado. Mechi ameiona yote, tena mara nyingi kwa nauli yake hadi Uwanja wa Mkapa. Nyinyi mliiangalia huku mnachati.

Nawapa mfano. Novemba 5, 2023 Yanga iliifunga Simba 5-1. Kesho yake studio ilijaa maneno: Simba imezidiwa kiungo, Simba wazee, kocha hafai. Tulizunguka hapo dakika arobaini nzima. Kisha akaingia hewani muuza mitumba wa soko la Karume, shabiki wa Simba wa kufa na kuzikana, sauti imekauka. Akasema: jamani, mapumziko tulikwenda 1-1. Mabao manne yameingia baada ya dakika ya 60. Msiniambie tulizidiwa mechi nzima, niambieni kilitokea nini pale katikati.

Studio kimya. Hakuna aliyekuwa na jibu, kwa sababu hakuna aliyeirudia mechi usiku ule. Tukaenda kwenye matangazo, na matangazo yenyewe hayakuwa yamefika muda wake.

Kwa hiyo ukishapewa zamu ya simu, usimpe kipaumbele anayepiga kelele. Yule ni mtamu dakika moja, ya pili anachosha. Mtafute mwenye swali. Utamjua: anaongea taratibu, na anaanza na kitu alichokiona, hajaanza na anachokichukia.

Utani nao ni mali, msiuogope. Watani wa jadi wamekuwa wakitupiana maneno tangu miaka ya 1930, Yanga ikianzishwa 1935 na Simba mwaka uliofuata, na redio imeupa utani huo uwanja ambao mtu hapigwi ngumi. Msikilizaji akisema Utopolo, jina la kuikejeli Yanga, au Makolo, la kuikejeli Simba, mwache apite. Wewe mtangazaji usiyaseme. Siku utakapoyasema, nusu ya wasikilizaji watakusikia kama mpinzani wao, na hata ukisoma matokeo watahisi umeyapindisha. Halafu msijifanye mashabiki wa Coastal Union ya Tanga ili muonekane hamna upande. Huo ni uongo wa zamani wa wanahabari wa michezo, na hakuna anayeuamini, hata Tanga kwenyewe.

Sasa tuje kwenye ubovu, maana hapo ndipo nilipoumia mwenyewe.

Ilikuwa dirisha dogo la usajili, lile la katikati ya msimu, mwaka siutaji. Chanzo changu, mtu niliyemwamini, alinitumia picha ya karatasi yenye jina la mshambuliaji na saini. Sikupiga simu kwa klabu. Sikumtafuta wakala. Niliogopa redio nyingine itawahi. Nikafungua maiki nikasema kwa sauti ya mtu aliyekuwepo: ameshasaini, anatua kesho. Simu zikafurika, mkurugenzi akanipigia kunipongeza. Jioni mchezaji akatangazwa na timu ya nchi nyingine, akiwa ameshika jezi yao na anacheka.

Kesho yake akapiga mzee mmoja wa Keko, msikilizaji wetu wa siku zote. Nikamwamkia hewani, "Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Yule kijana ameshatua?"

Nikadhani utani, nikacheka. Kesho kutwa akapiga tena, sauti ileile ya upole: "Marahaba. Ndege imechelewa?" Siku ya tatu nikamwambia kijana wa simu asimpitishe. Hilo ndilo ninalolionea aibu kuliko tetesi yenyewe. Wiki ya pili nilimpigia mimi, nikaomba radhi, halafu nikaomba radhi hewani. Ilinichukua dakika moja na nusu, na hakuna msikilizaji aliyenikimbia. Tangu siku hiyo tetesi naiita tetesi, na nasema nimeisikia upande gani: wa mchezaji, wa wakala au wa klabu. Kila mmoja wao ana sababu yake ya kukuambia. Wakala akitaka bei ipande, redio yako ndiyo ngazi yake.

Ubovu wa pili ni kubishana bila karatasi. Tunaweza kubishana saa mbili juu ya kanuni ambayo hakuna aliyeisoma. Kumbukeni Machi 8, 2025. Usiku wa kuamkia dabi, mechi ya Simba na Yanga, Simba walilalamika kwamba wamezuiwa kufanya mazoezi Uwanja wa Benjamin Mkapa, wakasema hawachezi. Siku yenyewe ya mechi Bodi ya Ligi ikaahirisha mchezo. Nchi nzima ilikuwa na hasira, wa mikoani wameshalala kwenye mabasi, na sisi tulikuwa hewani.

Saa ya kwanza tulifanya kile kila redio ilichofanya: wa Yanga anapiga anasema wameogopa, wa Simba anapiga anasema wameonewa. Aliyetuokoa ni binti wa mafunzo, wiki yake ya tano kazini. Aliingia studio na kurasa mbili za Kanuni za Ligi Kuu, bado zina joto la printa, amepiga mstari kwa kalamu nyekundu pale panapoipa timu ngeni haki ya kufanya mazoezi kwenye uwanja wa mechi kabla ya siku ya mchezo. Akaziweka mbele yangu bila kusema neno.

Nikasoma. Taratibu, mara mbili. Mnajua kilichotokea? Simu hazikupungua, ila maswali yalibadilika. Mmoja wa Mwanza akauliza: sawa, haki ipo, je kanuni inasema ikivunjwa timu inaruhusiwa kugoma? Mwingine akauliza nani ana mamlaka ya kuahirisha, na saa ngapi kabla ya mechi. Yale ni maswali ya wakili, yanaulizwa na watu waliopiga wakiwa wamekasirika. Mechi ile ilikuja kuchezwa Juni 25, Yanga wakashinda 2-0, na kesi ya nani alikosea ilibaki mdomoni kwa watu. Lakini kipindi cha siku ile bado wasikilizaji wananitajia.

Chapisheni kanuni. Ziko wazi kwa kila mtu. Wekeni nakala studio, ichakae kwa mafuta ya sambusa.

Fedha nitaipitia haraka, kwa sababu kila redio ina yake. Mkishakuwa na jina mtapewa "nauli" na watu wa klabu, na mtapewa kusoma tangazo la kampuni ya kubeti kwa sauti yenu wenyewe, katikati ya uchambuzi. La nauli, kataeni. La tangazo huenda msiwe na uwezo wa kulikataa, mdhamini ndiye anayelipa umeme, ila ombeni lirekodiwe pembeni. Mtu aliyekuamini ulivyoeleza mechi ya Azam atakuamini pia ukimwambia timu gani "itashinda leo", na yule anaweka elfu mbili ya nauli ya mtoto. Wasemaji wa klabu nao ni wageni wazuri, wanachekesha, wanajaza muda. Ukimwalika, mpe dakika tano za kuchekesha, halafu swali moja lenye namba. Mwaka 2021 haki za matangazo ya ligi zilipouzwa kwa kampuni ya Azam Media kwa miaka 10, thamani yake Sh225.6 bilioni, sisi tuliitangaza namba kwa mbwembwe kisha tukarudi kwenye usajili. Klabu ya mkiani inapata kiasi gani, na inalipwa lini? Swali hilo lilistahili wiki nzima, na tulilipa sekunde thelathini.

Ubovu ambao sijaupatia dawa ni huu wa timu mbili. Ligi ina timu 16, sisi tuna mbili. Tukuyu Stars walichukua ubingwa mwaka 1986, Coastal Union 1988, Mtibwa Sugar wakauchukua 1999 na 2000, Azam msimu wa 2013/14. Ukimweleza hayo kijana wa leo anadhani unamtungia. Nilijaribu kuweka dakika ishirini za timu za mikoani kila Jumatano. Wiki ya kwanza simu zililala. Wiki ya nne, tulipompata mwandishi aliyeko Mbeya mwenyewe, anayejua kocha anakaa mtaa gani na uwanja umekatwa majani lini, simu za Mbeya zikaanza kuingia. Kisha ikaja wiki ya dabi, dakika ishirini zikawa tano, zikawa hakuna. Hata Simba Queens walipofika nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika kwa wanawake mwaka 2022 tuliwaweka mwishoni, baada ya tetesi.

Lakini siku inayonirudia ni Septemba 15, 2025. Tanzania ilikuwa bado usingizini, inakaribia saa kumi usiku, Alphonce Simbu alipopita mstari wa mwisho wa marathoni Tokyo akiwa sambamba na Mjerumani Amanal Petros. Walitumia saa 2, dakika 9, sekunde 48. Wote wawili muda huohuo. Ikabidi picha itazamwe, tofauti yao ni sehemu tatu za mia za sekunde. Dhahabu ya kwanza ya Tanzania kwenye mashindano ya dunia ya riadha, tangu mashindano hayo yaanze 1983.

Kesho yake ilikuwa Ngao ya Jamii, mechi ya kufungua msimu, Simba na Yanga.

Tuliingia hewani asubuhi ile tukampa Simbu dakika nane. Nilizihesabu baadaye kwenye rekodi. Kisha nikasema, "Sasa turudi kwenye jambo letu," nikafungua mjadala wa nani aanze golini. Mapumziko, nilipotoka kunywa maji, binti yule wa kanuni, ambaye sasa ndiye anayesimamia simu, alinionyesha daftari. Laini zote mbili zilikuwa na watu wa Singida, nyumbani kwa Simbu, wanasubiri. Mmoja alikuwa amesubiri dakika kumi na moja. Nikamwambia awaambie wapige kesho.

"Kesho kuna dabi," akasema, akapokea simu.