Maswali ya Wasomaji: Ekari Arobaini za Kuwindia Fezanti

Swali

Mheshimiwa Mhariri, mimi ni mzaliwa wa Kigoma na sasa ninaishi Des Moines, jimbo la Iowa, nchini Marekani. Wenzangu kazini wamenifundisha kuwinda fezanti, yule ndege wa jamii ya kuku na kwale mwenye mkia mrefu na pete nyeupe shingoni. Kila vuli tunahangaika kubisha hodi kwa wakulima tukiomba ruhusa ya kuwinda, na ruhusa zenyewe zinazidi kuadimika. Nimeweka akiba, na dalali amenionyesha shamba la ekari 40, nusu yake likilimwa mahindi na nusu ni bonde lenye majimaji na nyasi. Je, shamba dogo namna hiyo linafaa, au nitakuwa nimetupa fedha? Na nikilinunua, nilitunze vipi?

Msomaji, Des Moines

Jibu

Ndugu msomaji, ekari 40 zinatosha kuwindia, lakini hazitoshi kumlea fezanti mwaka mzima, na ni vyema uelewe tofauti hiyo kabla hujatia saini popote. Ndege huyu anahitaji nyasi za kutagia, mahali penye wadudu pa kuwalea vifaranga, maficho mazito ya kujikinga na theluji, na chakula. Kwa kawaida mahitaji hayo yote huyatafuta ndani ya eneo la takriban maili moja ya mraba, yaani ekari 640, wakati shamba lako ni sehemu moja tu kati ya kumi na sita za eneo hilo. Kwa hiyo, unaponunua shamba dogo, usijaribu kuwa na kila kitu. Nunua kile ambacho majirani hawana.

Huko Iowa majirani wana mahindi na soya kila upande, na punje zinazoangukia shambani wakati wa mavuno ni chakula tele. Kinachokosekana karibu kila mahali ni nyasi zisizoguswa hadi Agosti na maficho ya majira ya baridi. Ndiyo maana lile bonde ambalo dalali huenda anakuomba radhi kwa sababu yake ndilo lenye thamani kwako, na ile nusu inayolimwa ndiyo inayopandisha bei. Chuo kikuu cha Iowa State, ambacho hutoa makadirio ya bei za mashamba kila mwaka, kilitaja wastani wa dola 11,467 kwa ekari mwaka 2024, na kwa bei hiyo ekari 40 zingekugharimu dola 458,680. Mwombe dalali akuonyeshe alama ya ubora wa udongo ambayo Iowa hupima kuanzia 5 hadi 100. Mkulima wa mahindi huitafuta alama ya juu na kuilipia, lakini wewe huna sababu ya kushindana naye, kwa kuwa udongo mbovu na wenye maji huotesha nyasi na matete vizuri kabisa.

Kabla ya kutoa malipo ya awali, fanya mambo kadhaa ambayo hayagharimu chochote isipokuwa mafuta ya gari. Tazama picha za angani za maili moja kuzunguka shamba hilo na uhesabu nyasi zilizopo; ikiwa hakuna hata kipande kimoja zaidi ya chako, endelea kutafuta kwingine. Kisha nenda mwenyewe mapema asubuhi. Mwezi Aprili na Mei utasikia majogoo wakiwika kwa sauti ya kukwaruza na kupiga mabawa papo hapo, na ukisimama dakika chache utatambua kama ni wawili au ni kumi. Mwanzoni mwa Agosti, siku yenye umande mzito, majike huwatoa vifaranga kwenye nyasi na kuwaleta kando ya barabara ya changarawe ili wakauke, na ndiyo saa ambayo maofisa wa wanyamapori wa Iowa huitumia kuhesabu ndege hao kila mwaka kwa kupita polepole katika njia maalumu za maili 30. Matokeo ya hesabu hiyo hutangazwa, nawe unaweza kuyasoma kabla hujachagua upande wa jimbo wa kununua.

Angalia pia nyumba za jirani. Sheria ya Iowa hairuhusu kufyatua bunduki ndani ya yadi 200, yaani mita 183, kutoka jengo linalokaliwa na watu au mifugo, bila idhini ya mwenyewe au mpangaji wake. Shamba la mraba la ekari 40 lina upande wa mita 402 tu. Nyumba iliyojengwa katikati ya mpaka mmoja itakunyima takriban ekari 13, karibu theluthi ya shamba, na hakuna dalali atakayelitaja jambo hilo kwa hiari yake. Ikiwa nyumba ipo, nenda ukamwamkie mwenye nayo kabla ya kununua, kwa sababu idhini ya jirani mwema itakufaa zaidi ya punguzo la bei.

Kuhusu hati, Iowa ina utaratibu wake: wakili husoma kabrasha la historia ya umiliki na kukuandikia maoni yake kuhusu usafi wa hati. Mlipe wakili wako mwenyewe, si wa muuzaji. Muulize mambo matatu hasa. Kwanza, je, kuna mkulima anayekodi? Kwa kawaida mkataba wa kukodi shamba huko hujirudia wenyewe kila tarehe 1 Machi endapo taarifa ya kuuvunja haikutolewa kabla au ifikapo tarehe 1 Septemba, kwa hiyo unaweza kujikuta umenunua shamba ambalo mwingine ana haki ya kulilima msimu mzima. Pili, je, shamba limo katika mpango wa serikali kuu wa kuhifadhi ardhi, ulioanzishwa kwa sheria ya kilimo ya mwaka 1985, ambao humlipa mwenye shamba kwa mwaka ili aache nyasi zimee badala ya kulima? Mikataba yake ni ya miaka 10 hadi 15, na mnunuzi anaweza kuirithi na kuendelea kulipwa. Lakini ukiuvunja, malipo yaliyokwisha kutolewa hudaiwa pamoja na riba. Ikiwa shamba halimo, usipange bajeti yako kwa kutegemea malipo hayo mara moja, kwa maana kwa kawaida mwombaji anatakiwa awe amemiliki ardhi kwa miezi 12. Tatu, je, bonde limewekewa masharti ya kudumu ya kuhifadhi ardhi oevu? Masharti hayo humkimbiza mkulima na hushusha bei, lakini kwa kawaida hayamzuii mwenye ardhi kuwinda; kwa mtu mwenye nia kama yako ni neema, mradi uyasome neno kwa neno.

Sasa nakuja kwenye utunzaji, ambako pesa nyingi hupotea kwa kuanza na jambo lisilo la kwanza. Wamiliki wengi wapya hukimbilia kupanda chakula, kwa kuwa shamba la mtama linapendeza machoni na ndege huonekana humo. Ukweli ni kwamba jike mmoja huatamia mayai kumi hivi kwa siku 23, ardhini, katikati ya nyasi, na mashine ya kukata nyasi ikipita mwezi Juni huvunja mayai na mara nyingi humuua jike mwenyewe. Kwa hiyo sharti la kwanza ni kutokata wala kuchoma nyasi za kutagia kati ya katikati ya Mei na tarehe 1 Agosti. Vifaranga nao, katika majuma yao ya mwanzo, huishi kwa wadudu, na wadudu hufuata maua. Nyasi za brome, aina ya nyasi za malisho ambazo utazikuta katika mabonde mengi ya zamani hulala na kufungamana kama mkeka, kiasi kwamba kifaranga hawezi kupenya. Ziue kwa dawa kipande baada ya kipande, kisha panda nyasi za asili za mbuga pamoja na maua ya porini ya aina nyingi. Mwaka wa kwanza utaona magugu matupu na majirani watakucheka. Yafyeke yakiwa marefu, nawe usikate tamaa, kwa kuwa nyasi za asili huchukua miaka mitatu hivi kusimama.

Zikishasimama, zitahitaji moto. Gawa nyasi zako mafungu matatu na uchome moja kila mwaka mwishoni mwa Machi au mwanzoni mwa Aprili, ukiwa na watu wenye ujuzi na vibali vinavyotakiwa, ili kila mara pawepo na sehemu changa ya vifaranga na sehemu nzito ya kutagia. Usipande nyasi katika kanda nyembamba kando ya uzio; mbweha na rakuni hupita humo kama njia yao na kumaliza viota. Bonde la matete liache lilivyo, kwa sababu tufani ya theluji inapovuma ndilo linaloamua ni majike wangapi watauona mwezi Machi. Mtama au mahindi ekari mbili au tatu, yaliyoachwa bila kuvunwa ubavuni mwa matete, yanatosha, kwani ndege hatalazimika kuvuka uwanja mtupu ili ale. Miti mirefu iliyojiotea katikati ya nyasi ikate bila huruma, kwa maana ni viti vya mwewe na bundi. Ardhi nyingine inayolimwa unaweza kuikodisha kwa miaka michache ya mwanzo ili ikusaidie kulipa mkopo. Shirika la Pheasants Forever, lililoanzishwa Minnesota mwaka 1982, lina wataalamu wanaoshauri wenye mashamba kuhusu kazi hizi, na ushauri wao ni wa bure.

Hatimaye, shamba dogo huharibiwa na mwenyewe. Windeni siku chache katika msimu, mkiwa watu wawili au watatu na mbwa mmoja, kisha mlipumzishe wiki nzima au zaidi. Ingieni mkiukabili upepo, na milango ya gari ifungwe taratibu. Majogoo waliookoka mwezi Novemba huujua mlio huo, na watakuwa wameshakimbilia kwa jirani kabla hamjapakia bunduki.

Swali

Nina ekari chache karibu na Sioux Falls, South Dakota. Nimefuga kuku maisha yangu yote. Je, si njia rahisi zaidi kununua fezanti wa kufugwa, kuwaachia shambani mwezi Septemba na kuwaacha wazaane?

Msomaji, Sioux Falls

Jibu

Ndugu msomaji, wazo lako lina historia, kwa kuwa fezanti wote wa Marekani asili yao ni ndege walioletwa. Owen Denny, balozi mdogo wa Marekani huko Shanghai, aliwapeleka Oregon mwaka 1882 na wakastawi. Jimbo lako lilifungua msimu wake wa kwanza mwaka 1919 na likamfanya fezanti kuwa ndege rasmi wa jimbo mwaka 1943. Lakini waliostawi walikuwa ndege wa mwituni walioachiwa katika nchi yenye nyasi. Ndege aliyelelewa ndani ya wavu hajui mwewe ni nini, na wengi wao hufa katika majuma machache. Ukitaka ndege wa kumfundishia mbwa, uliza kwanza kanuni za jimbo. Ukitaka wazaane, fedha hiyo inunulie mbegu za nyasi.

Usiogope pia kwamba mtawamaliza majogoo. Jogoo mmoja hupanda majike wengi, na sheria huruhusu kuua majogoo peke yao, watatu kwa siku, ndiyo maana uwindaji haupunguzi vifaranga wa mwaka unaofuata.

Swali

Mume wangu ana kadi ya ukaazi wa kudumu lakini bado si raia. Je, anaruhusiwa kununua shamba na bunduki hapa Iowa?

Msomaji, Cedar Rapids

Jibu

Dada, anaruhusiwa vyote viwili. Sheria ya Iowa inayozuia wageni kununua ardhi ya kilimo haimhusu mkaazi wa kudumu. Ila mkimbizi ambaye hajapata kadi hiyo aonane na wakili kabla ya kutoa hata dola moja. Kuhusu bunduki ya marisau, sheria ya serikali kuu inamruhusu mkaazi wa kudumu kuinunua maadamu hana kizuizi kingine, kama vile hatia ya jinai nzito. Aliyeingia kwa viza ya muda hukatazwa isipokuwa kwa masharti maalumu, mojawapo likiwa kuwa na leseni halali ya kuwinda, na asiye na hati asiiguse kabisa, hata ya kuazima, kwa kuwa kosa hilo huweza kumfukuzisha nchini.

Akishakuwa mmiliki, yeye na watoto wenu wadogo hawatahitaji leseni kuwinda fezanti katika ardhi yao wenyewe. Wageni wake watahitaji leseni pamoja na ada ya makazi ya wanyama, na aliyezaliwa baada ya tarehe 1 Januari 1972 kwa kawaida hapewi leseni bila kumaliza mafunzo ya usalama. Wote wavae vazi la rangi ya chungwa inayong'aa, wafyatue kati ya saa 2:00 asubuhi na saa 10:30 jioni tu, na ndege anayesafirishwa aachiwe mguu, bawa au kichwa chenye manyoya yake, ili askari wa wanyamapori aweze kutambua kwamba ni jogoo.