Kwa mnaoanza kusoma kesi za jinai za mkoloni: angalieni rufaa kwanza

Nyinyi wageni wa kazi hii hapa Lamu, wa sheria na wa historia wote, neno langu ni moja tu: mkikuta faili haina rufaa msikimbilie kuandika eti mshtakiwa aliridhika. Mara nyingi hakuwa na ruhusa ya kukata.

Chukua miaka ya kabla ya 1930. Huku ilikuwa inatumika sheria ya mwenendo wa jinai ya India, ile ya 1898, na kifungu cha 413 kilikuwa wazi kabisa, hakimu wa daraja la kwanza akikupa jela isiyozidi mwezi mmoja, ama faini isiyozidi rupia 50, ama viboko peke yake, basi, rufaa huna. Viboko jamani! Mtu mgongo ushachanika afu hana pa kulalamika. Na rupia 50 kwa baharia wa zama zile si pesa ya mchezo.

Kifungu cha 412 ndo kinaniuma zaidi. Ukishakiri kosa mbele ya hakimu huyo huwezi tena kupinga hatia, unabaki na adhabu tu, kama ni kubwa mno ama si halali. Kwa hivo someni ukurasa wa kujibu shtaka kabla ya hukumu yenyewe, muulize nani alikuwa mkalimani, mshtakiwa alijibu nini hasa, ama karani aliandika tu kwamba amekubali na mambo yakaisha.

Wanaofanya bara ya Malindi, kesi za mabaraza ya wenyeji (Native Tribunals) baada ya sheria yao ya 1930 msizitafute Supreme Court, yaani mahakama kuu ya koloni, rufaa zilipanda kwa DC (mkuu wa wilaya) na PC (mkuu wa mkoa), watu walewale wa utawala, so fungueni mafaili ya wilaya.

Huko juu kulikuwa na mahakama ya rufaa ya Afrika Mashariki tangu 1902, halafu Privy Council London, yaani baraza lililosikiliza rufaa za mwisho za makoloni, ambayo tangu kesi ya Dillet ya 1887 haikugusa jinai mpaka pawe na dhulma kubwa. Dedan Kimathi, yule kiongozi wa Mau Mau, alifika kote huko, akakataliwa, akanyongwa 18 Februari 1957.

Na mkienda atachmenti kortini msidhani haya ni ya makumbusho, ile ya kukiri kosa bado ipo, kifungu cha 348 cha sheria ya mwenendo wa jinai ya Kenya, na muda wa kukata rufaa ni siku 14, kwa hivo familia ikija waulizeni kwanza hukumu ilisomwa lini.