Uchaguzi “hugombewa kwa uchungu”?

Swali: Mimi ni mwalimu wa historia mkoani Morogoro. Katika kuandaa somo kuhusu Marekani niliandika hivi: “Uchaguzi wa urais wa mwaka 1800 uligombewa kwa uchungu, ukaleta uchama.” Mwalimu mwenzangu anasema hicho si Kiswahili, na neno “uchama” analikataa kabisa. Nani yuko sahihi?

Jibu: Mwenzako yuko sahihi kuhusu sentensi, lakini “uchama” amelionea.

Kinachogombewa ni cheo au kiti. John Adams na Thomas Jefferson waligombea urais. Uchaguzi wenyewe hufanyika, huwa na ushindani, au huzua uhasama. Kosa kubwa zaidi ni “kwa uchungu”, kwa kuwa katika siasa zetu neno hilo ni sifa: mtu akiitwa “mwenye uchungu na nchi yake” amesifiwa, na hivyo wanafunzi wako wataelewa kwamba wagombea wale walisukumwa na mapenzi kwa taifa. Bila shaka kila upande ungefurahi kusomwa hivyo. Lakini wakati magazeti ya wafuasi wa Adams, yaani Wafederalisti, yalipomwita Jefferson mkana Mungu, na ya wafuasi wa Jefferson, waliojiita Republican, yakamshutumu Adams kwamba anatamani ufalme, neno linalofaa ni uhasama, au chuki ukitaka kuwa mkali.

Sasa “uchama”. Neno hili limeundwa kama ukabila na udini, yaani kiambishi u- juu ya jina la kundi, na kama hayo mawili linabeba lawama: kuweka kundi lako mbele ya kila kitu. Lisichanganywe na jirani zake. Ushabiki ni kelele za nje, za uwanjani na za mkutanoni. Ukereketwa uko ndani zaidi, kwani kitu kinachokereketa huwasha kooni, na mkereketwa ni yule ambaye mambo ya chama chake yanamwasha hata akiwa peke yake. Watanzania waliozoea kupita kwenye mashina ya wakereketwa hawahitaji maelezo zaidi. Ukitaka kutaja hali bila kulaumu, andika “siasa za kivyama”.

Mwaka 1800 wenyewe unalihalalisha neno lako. Wakati huo kila mjumbe wa uchaguzi, yaani mtu aliyeteuliwa na jimbo lake kumchagua rais, alipiga kura mbili bila kubainisha ipi ni ya rais na ipi ya makamu; aliyeongoza akawa rais na aliyemfuata makamu, utaratibu uliotungwa na watu ambao hawakutazamia vyama. Wafederalisti walikumbuka kumnyima mgombea wao wa pili kura moja ili asilingane na wa kwanza, ndiyo maana Adams alipata 65 na Charles Cotesworth Pinckney 64. Wajumbe wa upande wa Jefferson walishikamana na chama bila hata mmoja kuchepuka, hivyo Jefferson na Aaron Burr, aliyekusudiwa kuwa makamu, wakapata kura 73 kila mmoja. (Andika “kura zililingana”, “walifungana” waachie watangazaji wa mpira.) Kwa kuwa kura zililingana, uamuzi ulikwenda kwa Baraza la Wawakilishi la Bunge la Marekani, ambamo kila jimbo lilikuwa na kura moja; lilipiga kura mara 36, kuanzia tarehe 11 hadi 17 Februari 1801, ndipo Jefferson akapatikana. Utii wa namna hiyo kwa chama ndio uchama, na marekebisho ya katiba ya mwaka 1804 yalitenganisha kura hizo mbili.

Nakushauri tu usiseme uchaguzi huo “uliuleta”. Mwaka 1796 Adams alikuwa tayari amemshinda Jefferson kwa kura 71 dhidi ya 68, pande zikiwa zimekwisha kujipanga, na George Washington alikuwa ameonya juu ya hatari hiyo katika waraka wake wa kuaga mwaka huohuo. Ningeandika: “Uchaguzi wa urais wa mwaka 1800 ulikuwa na ushindani uliojaa uhasama, na ulidhihirisha jinsi uchama ulivyokwisha kuota mizizi.”