Kung'arisha bunduki ya zamani hakupandishi bei

Wengi hudhani kung'arisha bunduki ya zamani kunapandisha bei yake. Hapana, inashuka. Wakusanyaji hulipia rangi ya awali ya kiwandani hata kama imechakaa. Chuma kikishasuguliwa na kupakwa upya, maandishi yanafifia, kingo zinalainika, na thamani inaweza kukatika nusu au zaidi. Nimeuza na kununua silaha za kale kwa miaka kadhaa, na kosa hili ndilo linalowaumiza watu wengi. Mwenye nayo anadhani anaipendezesha, kumbe anachoma pesa.

Bei yenyewe usiichukue kwenye matangazo. Hiyo ni ndoto ya muuzaji. Tafuta zilizouzwa kweli mnadani, za modeli ileile na hali ileile, halafu ondoa kamisheni ya dalali kwenye bei hiyo. Kagua pia namba zilizogongwa: kwenye Luger P08, bastola ya Kijerumani, hata vipande vidogo vina namba, na zisipolingana bei inaporomoka. Mwaka nao una uzito. Winchester Model 70, bunduki za Kimarekani za kuwindia, za kabla ya 1964 hutafutwa kuliko zilizofuata, kwa sababu mwaka huo kiwanda kilibadilisha utengenezaji ili kupunguza gharama. Kwa silaha za Colt, za kiwanda cha Kimarekani, kampuni yenyewe hutoa barua ya kumbukumbu inayoonyesha bunduki ilitoka kiwandani ikiwa na umbo gani na ilipelekwa wapi.

Ila kama ilishapakwa upya na kiwanda chenyewe zamani, na karatasi zipo, hasara huwa ndogo. Hadithi ya "ilikuwa ya jenerali" bila karatasi haiongezi hata senti.